Fundi kaniambia matairi haya ni ya mvua. Ni kweli?

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Niliagiza Toyota IST kutoka Japani, imenifikia hapa Mbeya mwezi uliopita. Matairi ni 185/65 R15, meno yake marefu kama mapya, na ubavuni yameandikwa STUDLESS. Fundi wa mtaani kwetu anasema hayo ni matairi ya mvua: niyavue niyatunze, kiangazi nifunge mengine ya kawaida, mvua zikianza niyarudishe. Mwingine anasema niyatumie tu mpaka yaishe. Kila mwezi nashuka Dar kufuata mzigo wa duka, na kutoka lami hadi nyumbani kwangu kuna kilomita sita za udongo ambazo Januari ni tope tupu. Ninunue matairi gani kwa msimu gani, na nikienda kuyafunga nisimamie nini? Mama wa watoto wawili, Mbeya."

Marahaba, mwanangu, na hongera kwa gari. Fundi wako wa kwanza amekosea, na wa pili amekosea zaidi. Hayo ni matairi ya theluji na barafu, na lami iliyolowa mvua ni mojawapo ya mahali yanapokuwa dhaifu kabisa. Yavue, usiyatunze kwa ajili ya msimu wowote. Nunua seti moja ya matairi ya kawaida yaliyo mazuri, uyavae mwaka mzima. Kazi iliyobaki ni kukueleza "mazuri" ni yapi kwa safari zako, maana barabara yako ya Mbeya hadi Dar ina misimu yote ndani ya siku moja.

Tuanze na hayo uliyonayo. Kesho asubuhi chuchumaa kando ya tairi la mbele mwanga ukishakuja vizuri. Utaona kila kipande cha meno, vile vipande ambavyo mafundi wengine huviita kashata, kimechanjwa mistari myembamba ya kupindapinda, kama mtu aliyechanjwa chale kwa wembe. Kashata moja inaweza kuwa na chale nne, tano, hata zaidi. Bonyeza hapo kwa kucha ya dole gumba. Kama mpira haujazeeka, kucha itazama na alama itajifuta polepole. Nenda kwenye gari la jirani lenye matairi ya kawaida ufanye vilevile; pale kucha itagoma. Kisha soma ubavuni, mwisho wa namba za saizi. Matairi mengi ya aina hii kutoka Japani huishia na herufi Q, kwa mfano 88Q. Q ni kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa, T ni 190, H ni 210. Najua huendi kukimbia 160 na watoto ndani. Lakini herufi hiyo ni kipimo cha uvumilivu pia: tairi la Q halikujengwa kuhimili joto la mwendo kama tairi la H.

Ulaini huo una sababu yake. Mpira wa tairi la kawaida ukipigwa na baridi kali hukakamaa kama ndala iliyosahauliwa kwenye friza. Watu wa matairi huitaja nyuzi joto 7 kama mpaka: chini ya hapo, tairi la kiangazi linaanza kupoteza mshiko. Sasa fikiria Hokkaido, kaskazini ya Japani, ambako majira ya baridi maji barabarani huwa barafu kwa wiki kadhaa mfululizo. Tairi la huko hupikwa kwa mpira unaobaki laini hata kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Juu ya barafu kuna utando mwembamba wa maji, na utando huo ndio unaotelezesha gari. Chale na vitundu vidogo vidogo vya mpira huunyonya, kisha kingo za chale zikaikwaruza barafu.

Na hilo neno STUDLESS lina kisa chake. Maana yake ni "lisilo na misumari". Zamani Wajapani wa maeneo ya theluji walifunga matairi yenye misumari ya chuma. Yalishika barafu barabara, ila theluji ikiyeyuka misumari ile ilikwangua lami, na miji kama Sendai na Sapporo ikawa inavuta vumbi la barabara. Mwaka 1990 Japani ikatunga sheria ya kuyazuia, na viwanda vikalazimika kutafuta mshiko kwa mpira laini badala ya chuma. Kwa hiyo unachokiendesha pale Mbeya ni dawa ya vumbi la Sendai.

Yamefikaje kwako? Familia nyingi za sehemu za theluji huko zina seti mbili za matairi. Gari likienda kuuzwa, mara nyingi huvalishwa seti ambayo mwenyewe haihitaji tena. Meno marefu yasikudanganye. Chungulia ndani ya mifereji ya tairi, utaona vinundu vya mpira. Vile vifupi, vyenye alama ya TWI ubavuni, vina kimo cha milimita 1.6, na meno yakifika hapo tairi limekwisha kabisa. Kwenye studless za Kijapani kuna na vinundu vingine virefu zaidi, vinavyofika nusu ya kimo cha meno ya mwanzo. Mjapani akiona meno yamelingana na vinundu hivyo, kwake hilo si tairi la theluji tena, ingawa kwa macho yetu ya Gerezani, mitaa ya vipuri pale Dar, linaonekana bado lina miaka mitatu ya kazi.

Sasa lilete tairi hilo kwenye lami yetu. Mchana wa jua kali lami huzidi nyuzi 50. Kashata zile laini zilizochanjwa zinayumba kila unapokanyaga breki; sehemu ya mshiko inapotea katika kuyumba kabla gari halijaanza kusimama. Usukani unakuwa mzito wa kuelewa, unakata kona na gari linajibu baadaye kidogo, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Mpira unalika upesi, na joto la ndani linapanda. Mvua je? Hapo ndipo fundi wako alipopotoka: aliona chale nyingi akadhani ni njia za maji. Maji ya mvua kubwa hutolewa na mifereji mipana inayozunguka tairi lote, na mpira mgumu wa kutosha kuiweka mifereji hiyo wazi. Mpira laini wa barafu huteleza kirahisi kwenye lami iliyolowa, na watengenezaji wa Kijapani wenyewe huwaonya wateja wao kuhusu jambo hilo.

Bado umri. Tafuta ubavuni kidirisha chenye tarakimu nne. Ukikuta 3514, tairi lilizaliwa wiki ya 35 ya mwaka 2014. Likishavuka miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na likifika kumi litolewe hata kama meno yote yapo. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema miaka sita inatosha. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Tairi la zamani huanza kupasuka nyufa ndogo kama ngozi ya kisigino wakati wa kiangazi, na wakati huo tabaka za ndani, ambazo huzioni, huwa zimeanza kuachana. Kama tarakimu zako zinasema tairi lina miaka kumi na kitu, usishuke nalo Dar hata safari moja ya "kumalizia".

Wazo la seti mbili lenyewe si la kijinga. Limehamishwa tu kutoka kwao. Ndugu zetu walioko Ujerumani hubadilisha matairi Oktoba na kurudisha Pasaka, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 tairi la baridi linalokubalika huko, barabara ikiwa na theluji au barafu, ni lile lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kule Québec, Kanada, sheria inayataka kuanzia 1 Desemba hadi 15 Machi. Mtu akiwa huko na akakuambia amefunga studless, amefanya la maana. Herufi M+S, ambazo utaziona kwenye matairi mengi, zisikutishe wala kukufurahisha. Maana yake ni matope na theluji, ila kiwanda kinaruhusiwa kuziandika bila kulipima tairi kwenye theluji. Ule mlima ndio uliopimwa. Wewe Mbeya, hata Julai ukiamka na baridi ya kuvaa koti mbili, saa nne asubuhi lami imeshapata joto. Huko Kitulo na Makete baridi hugandisha umande kwenye nyasi, lakini hata huko sijawahi kuona sababu ya kufunga tairi la Hokkaido.

Turudi kwenye barabara yako. Unatoka Uyole alfajiri kuna ubaridi na pengine ukungu. Makambako upepo. Mafinga, kwenye mita zinazokaribia 1,900 juu ya bahari, unaweza kukuta manyunyu. Unapita Ipogolo, unateremka Kitonga umeshika gia ndogo nyuma ya lori, na ukifika bondeni Ruaha Mbuyuni joto linakupiga usoni mara tu unapofungua kioo. Mikumi jua. Chalinze hadi Kibaha, ikiwa ni Aprili, masika ya pwani yanakumwagikia mpaka waipa hazifui dafu. Na misimu haifanani: kwenu mvua ni moja ndefu, Novemba hadi Aprili au Mei, ilhali pwani wana vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei. Ukisema "nifunge ya mvua", mvua ya wapi? Ndiyo maana nakuambia seti moja, iliyo tayari kwa yote.

Saizi usiibadilishe. Wako watakaokushawishi uvae 195/65 R15 ili gari linyanyuke. Nimepiga hesabu: kipenyo kinaongezeka milimita 13, kwa hiyo gari linanyanyuka nusu yake tu, milimita sita na nusu, unene wa kidole cha mtoto. Malipo yake ni spidomita inayosema 100 wakati unakwenda 102, na tairi linaloweza kugusa bodi usukani ukikatwa mpaka mwisho na gari limebeba mzigo. Baki na 185/65 R15. Baada ya hapo tafuta 88H, au 88T kama H haipatikani. Ile 88 ni uzito: kilo 560 kwa kila tairi, na kwa IST yenye watoto na maboksi ya duka inatosha. (Wenye Hiace za abiria wasinakili ushauri huu. Gari la mzigo linahitaji tairi lenye C baada ya namba ya rimu, na kulifunga tairi la gari dogo kwenye Hiace ya abiria ni kuomba msiba.)

Kwa meno, chagua mchoro wenye mifereji mitatu au minne mipana inayozunguka tairi zima, na mifereji ya pembeni inayofunguka hadi begani. Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha milimita 7 au 8 hivi. Sheria za nchi nyingi huruhusu kushuka hadi 1.6, lakini kwa mvua mimi nalitoa kwenye 3. Huna haja ya kipimo cha duka: chukua njiti ya kiberiti, pima milimita 3 kwa rula, tia alama ya kalamu, uichomeke kwenye mfereji. Alama ikibaki nje, mifereji haina kina cha kutosha. Fanya hivyo mapema Novemba, kabla mvua za kwenu hazijakolea, tena Machi kabla hujakutana na masika ya pwani.

Kuhusu jina la kampuni sitakuchagulia. Tairi la bei ya kati lililotengenezwa mwaka huu au uliopita nalipenda kuliko lenye jina kubwa lililokaa stoo miaka mitano, na jipya la kampuni usiyoijua nalipenda kuliko la mtumba lenye jina kubwa. Mtumba huoni ndani. Hujui lilikanyaga shimo gani, liliendeshwa bila upepo kilomita ngapi. Na kuna ujanja mmoja ambao hutauona mpaka ukikaribisha macho: tairi kipara linachongwa mifereji upya kwa kisu cha moto, linapakwa rangi nyeusi, linang'aa. Kuchonga kunaruhusiwa kwa matairi ya malori yenye neno REGROOVABLE ubavuni. La gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchongwa. Chini kidogo tu ni nyuzi za chuma. Ukiona mifereji yenye kuta zilizonyooka kama zimekatwa jana, isiyo na vile vinundu vya TWI, rudisha pesa yako kwenye mkoba.

Zile kilomita sita za tope. Hapa nitakukatisha tamaa kidogo. Matairi ya matope yenye kashata kubwa huyapati kirahisi kwa saizi yako, na hata ukiyapata, utayaburuza kilomita zaidi ya 800 za lami kwenda Dar na nyingine kurudi, yakipiga kelele, yakila mafuta na yakishika vibaya kwenye mvua ya lami, kwa ajili ya kilomita sita. Kama udongo wenu ni ule mweusi wa mbuga, tairi lolote hujaa baada ya mizunguko miwili na kuwa duara la tope. Gari lako huvutwa na magurudumu ya mbele. Ingia na gia ya chini, mwendo mmoja usiobadilika, usikanyage breki katikati, usisimame mpaka uione nchi kavu. Palipo laini sana unaweza kupunguza upepo hadi psi 20 ili tairi litandaze nyayo, uende mwendo wa mtu anayetembea, kisha ujaze kabla hujapanda lami. Kwa hiyo nunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara. Na siku mvua imenyesha usiku kucha, liache gari dukani kwa mtu wa kando ya lami, vua viatu, nenda nyumbani kwa miguu. Nimevuta magari mengi kutoka kwenye matope, na karibu yote wenyewe walisema walijua kwamba hayatapita.

Siku ya kufunga, usiende kunywa chai. Simama pale. Soma tarehe ya kila tairi kabla halijapanda kwenye rimu, maana likishafungwa na kujazwa, kurudisha ni ugomvi. Mwambie fundi abadilishe vali za mpira zote nne. Ni vitu vya bei ndogo, na vali ya zamani ikipasuka ukiwa Mikumi hutakumbuka uliokoa shilingi ngapi. Rimu isuguliwe kutu pale tairi linapokaa, ipakwe sabuni maalumu au ya kawaida ya maji, isiwe grisi wala oili. Tazama ubavu: ukikuta mshale na neno ROTATION, mshale uelekee mbele gari linapokwenda. Ukikuta OUTSIDE, upande huo ukae nje. Fundi mwenye haraka hukosea hili kila wiki, na mshale uliogeuzwa nyuma huvuta maji ndani badala ya kuyatupa nje. Akiona rimu inavuja akataka kukuwekea tyubu ndani ya tairi lisilohitaji tyubu, kataa. Tyubu husuguana na tairi, huzalisha joto, na ikipasuka huachia upepo wote kwa mkupuo. Rimu inyooshwe au ibadilishwe.

Kisha balansi, vipande vya risasi kwenye rimu mpaka mashine isome sifuri, halafu alaimenti, yaani magurudumu yalinganishwe yaelekee sawa. Bila alaimenti, matairi mapya ya mbele yanaweza kulika upande wa ndani kabla ya safari yako ya sita, na upande wa ndani ndio usioonekana. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa kuruka, hii kisha ya upande wa pili, ndipo spana yenye kipimo ikaze hadi Nm 103, kiasi kinachotumika kwa Toyota ndogo nyingi. Bunduki ya upepo ikiachiwa imalizie kazi, siku ya pancha utaikanyagia spana kwa miguu miwili na nati isisogee. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikaguliwe tena. Kilomita mia mbili tatu za mwanzo endesha kwa upole, tairi jipya lina utelezi wa kiwandani ambao lazima ulike kwanza.

Kama mfuko hauruhusu manne kwa pamoja, nisikie vizuri hapa, maana mafundi wengi watakupinga. Usichanganye studless mbili na za kawaida mbili. Ni afadhali usubiri mwezi mmoja gari likienda sokoni na kurudi tu. Na siku nyingine, ukiwa na manne ya kawaida na ukabadilisha mawili, yale mapya yanakaa nyuma, hata kama gari linavutwa na mbele. Mbele ikiteleza, gari linakwenda moja kwa moja, utaachia mafuta na litarudi mkononi. Nyuma ikiteleza kwenye kona ya mvua, gari linageuka na kutazama lilikotoka, na hakuna dereva wa kawaida anayeliwahi.

Upepo ndio unaobadilika na msimu kuliko tairi lenyewe. Kibandiko kiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kimeandikwa Kijapani lakini tarakimu ni zetu sote. kPa 220 ni psi 32, kPa 230 ni kama 33. Pima asubuhi, gari likiwa halijatembea. Joto likishuka nyuzi kumi, upepo hushuka kama psi moja na nusu, kwa hiyo aliyejaza mchana wa Novemba akasahau mpaka Julai anatembea na matairi malegevu. Kuna jambo moja la barabara yako linalonifurahisha: ukijaza 33 Dar asubuhi yenye nyuzi 30, ukapima Mbeya alfajiri yenye nyuzi 14, geji itasoma karibu 33 ileile. Baridi imepunguza psi mbili na nusu, na hewa nyepesi ya mlimani, isiyolikandamiza tairi kama ile ya pwani, imerudisha karibu kiasi hichohicho.

Kosa kubwa ni kutoa upepo njiani. Nalijua kwa sababu nililifanya. Nilikuwa kijana, naendesha pikapu ya tajiri wangu, nikasimama Ruaha Mbuyuni saa nane mchana kula. Geji ikasoma 39. Nikaogopa, nikatoa mpaka 33 yote manne, nikajiona fundi. Kesho yake alfajiri Mafinga zilisoma 27. Nilipanda Kitonga yote na mzigo juu ya matairi malegevu, mabega yake yakaunguzwa na joto la kukunjika, na wiki mbili baadaye moja likachunika ngozi kama ndizi. Ile 39 ilikuwa sahihi. Tairi lililotembea huongeza upepo kwa joto, na kiwanda kilishaiweka hesabu hiyo.

Kwenye maji upepo mdogo ni hatari zaidi. Watafiti wa NASA waliochunguza matairi ya ndege miaka ya 1960 walipata kanuni kwamba kasi ya tairi kuelea juu ya maji hutegemea upepo wake. Kwa tairi kipara kwenye maji yaliyotuama, psi 33 inaelea kwenye kama kilomita 95 kwa saa. Psi 20 inaelea kwenye 75. Meno mazuri yanakuongezea nafasi juu ya hapo, ila ukiona maji yametuama kwenye njia za magurudumu pale karibu na Kibaha, shuka hadi 60 na uache basi lipite. Usukani ukiwa mwepesi ghafla, umeshaanza kuelea: achia mafuta taratibu, usikanyage breki, usikate kona, subiri.

Hizo studless usimuuzie jirani, wala mteja atakayeletwa na bodaboda. Mshona katambuga akizitaka, mpe. Mpira ule laini utamfaa mtu mguuni.

Mwisho, fungua buti, nyanyua zulia. Ukikuta tairi jembamba kama la pikipiki, saizi yake inaanza na T, hiyo ndiyo spea uliyoletewa kutoka Japani. Hiyo haijazwi 33. Inataka kPa 420, yaani psi 60, na ukiifunga usizidi kilomita 80 kwa saa na usiende mbali kuliko fundi wa kwanza wa pancha. Nyingi nilizozifungua zilikuwa na psi 15, na hazijaguswa tangu gari liliposhuka melini. Ijaze kabla hujaondoka Uyole.